Hapana, netiboli ya Australia haikuanza na pesa

Wiki jana baba mmoja wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, alikuja kumchukua bintiye mazoezini kabla hatujamaliza. Msichana anacheza WD, yaani beki wa pembeni, ana jicho la mchezo kuliko wenzake wote, na tulikuwa tumebakisha robo moja tu. "Mwalimu, niwie radhi," akaniambia, "lakini huu si mchezo wa kumlisha mtu. Ungekuwa wa kulisha, hata hapa Malindi tungekuwa na ligi ya kulipwa kama ile ya Australia. Wenzetu walianza na pesa." Nikamwachia mtoto wake, kwani ningefanyaje? Ila maneno hayo, kwamba wenzetu walianza na pesa, nishayasikia kwa wazazi, kwa walimu wakuu, kwa mgombea aliyekuja kutugawia jezi zenye picha yake, hata kwa refa mwenzangu tukinywa madafu ufuoni. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo huku filimbi iko mkononi, basi nayajibu hapa.

Dhana: Ligi ya Australia iliundwa kwa mpigo mmoja, pesa zikiwa tayari mezani

Ligi ambayo wasichana wangu huitazama kwenye simu, Super Netball, ilianza 2017. Mtu akiitazama leo, taa, ukumbi umejaa, kamera kila pembe, hudhani ilishuka hivyo. Chama cha taifa cha mchezo huo kule kiliundwa 1927. Piga hesabu: miaka 90 kamili kabla ya hiyo ligi mnayoionea wivu. Mwaka 1928 majimbo yakaanza kushindania ubingwa, na ligi ya taifa ya kwanza haikuja mpaka 1985, ikibeba jina la kampuni ya mafuta iliyoidhamini, Esso.

Mwaka 1997 ndipo ikapangwa upya ikawa timu nane, kwa udhamini wa benki. Timu zote nane zilipewa majina ya ndege, wengine wa kweli na wengine wa hadithi: Swifts, Sandpipers, Kestrels, Phoenix, Ravens, Thunderbirds, Orioles, Firebirds. Utadhani umesimama kutazama ndege pale Sabaki, mto unapoingia baharini. Ligi hiyo ilikwenda miaka 11, hadi 2007, na ndiyo iliyowalea wachezaji tunaowataja kwa heshima mpaka leo. Je, walikuwa wakilala kwenye noti? Liz Ellis, nahodha wa timu ya taifa na beki wa Sydney Swifts, alikuwa wakili. Alisomea sheria na akafanya kazi ya uwakili huku akicheza. Nahodha wa mabingwa wa dunia! Binti akiniambia hawezi kuja mazoezini kwa sababu anasomea mtihani, namwambia asome, kisha aje. Hilo halina mjadala kwangu.

Mwaka 2008 Australia na New Zealand zikaunganisha nguvu, timu tano kwa tano, likazaliwa shindano lililobeba jina la benki ya ANZ. Ili nafasi zitoshe, Sydney Swifts na Hunter Jaegers, waliokuwa wamechukua nafasi ya Sandpipers, ziliunganishwa kuwa timu moja, na kule Melbourne mahasimu wawili, Phoenix na Kestrels, wakawekwa chini ya jina moja, Vixens. Hapa kwetu, ziambie timu mbili za mtaa mmoja ziungane uone. Wataacha hata kualikana arusi. Wenzetu walimeza uchungu. Hata hivyo muungano huo uliwapa nusu mkate tu. Kwa miaka tisa ya shindano hilo, New Zealand ilipata bingwa mara moja tu, timu yake ya Magic, mwaka 2012, na baada ya msimu wa 2016 kila nchi ikashika njia yake.

Sasa tufike 2017, mwaka ambao watu huuita wa neema. Kima cha chini cha mshahara kwa mchezaji kilipanda kutoka dola 13,250 za Australia hadi dola 27,375 kwa mwaka. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni zaidi ya milioni mbili, na najua mzazi wa mtaa wetu wa Muyeye akisikia hivyo atamrudisha mtoto uwanjani jioni hiyo hiyo. Lakini mwaka huo huo, sheria ya kazi ya Australia ilimhakikishia mfanyakazi yeyote wa kawaida wa kutwa, hata mwosha vyombo hotelini, zaidi ya dola 36,000. Mchezaji wa ngazi ya chini kwenye ligi bora duniani alikuwa chini ya mwosha vyombo. Hiyo ndiyo "pesa" yenyewe.

Wala haikuwa imetulia. Collingwood, klabu kubwa ya kandanda ya Kiaustralia, iliingia na timu ya netiboli 2017, na baada ya msimu wa 2023 ikafunga virago. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo mikataba ya wachezaji iliisha bila maafikiano, nao wakakaa wiki kadhaa bila mshahara wakidai sehemu ya mapato ya ligi. Waliipata, kwa sababu walikuwa na chama chao na walisimama pamoja.

Kilichotangulia pesa ni ratiba. Timu zile zile, msimu baada ya msimu, matokeo yameandikwa, ili mdhamini akija aonyeshwe kitu. Sisi tuna ugonjwa wa kombe la siku moja. Asubuhi makundi, saa nane nusu fainali, jioni fainali, mheshimiwa anapiga picha, usiku kila mtu kwao hadi uchaguzi mwingine. Ukiuliza nani alifunga mangapi mwaka juzi, hakuna anayejua. Mimi nimeshika daftari la mabao, kila mechi, hata ya watoto wa darasa la sita, na vijana hunicheka. Mwenye timu ya mtaa akiniomba ushauri sitaji viatu wala jezi: nunua daftari, tafuta timu tatu jirani, mcheze kila Jumamosi kwa miezi minne, mvua isiwe kisingizio. Katika daftari langu, robo ya mwisho ya siku ile, nafasi ya WD iko wazi.

Dhana: Ligi zile ni za Wazungu, Mwafrika hana mlango

Mwai Kumwenda wa Malawi alisajiliwa na Vixens 2017, na 2020 akabeba kombe nao. Peace Proscovia wa Uganda alianzia Loughborough Lightning ya Uingereza, akasoma huko huko, na 2019 akaenda Sunshine Coast Lightning ya Australia. Mganda mwingine, Mary Cholhok, akawa mfungaji tegemeo wa Loughborough. Kombe la Dunia la 2023 huko Cape Town Uganda ilimaliza ya tano. Majirani zetu hao! Mlango upo. Wengi wao waliuingia kwa kucheza timu ya taifa vizuri, wakaonekana.

Dhana: Ni mchezo wa warefu

Kwa GS, mfungaji, na GK, mlinzi wa goli, urefu ni mtaji, sikatai. Jhaniele Fowler wa Jamaica, aliyeipeleka West Coast Fever kwenye ubingwa wa 2022, akisimama chini ya pete unaona kama anaweka embe kapuni. Lakini uwanja una nafasi saba. C, kiungo wa kati, na WA, mshambuliaji wa pembeni, wanataka mapafu, macho na miguu inayotua sawasawa. Goti linalokunjika kuelekea ndani ukitua ndilo litakalokukatisha mchezo, ufupi haukatishi. Tua kwa miguu miwili, goti likae juu ya kidole cha mguu. Nitalisema hili mpaka nizikwe.

Dhana: Bao ni moja, siku zote

Siyo tena kila mahali. Tangu 2020 ligi ya Australia inahesabu mabao mawili kwa mpira uliofungwa kutoka ukanda wa nje wa duara la kufungia, kati ya mita 3 na mita 4.9, katika dakika tano za mwisho za kila robo. Wakongwe walipiga kelele. Mimi pia sikuipenda, mpaka nilipoona wafungaji wafupi wanapata heshima. Lakini sheria hiyo si ya mechi zetu za shule, kwa hiyo acheni kubishana na refa.

Dhana: Netiboli ni basketboli iliyopunguzwa kwa ajili ya wasichana

Asili ni moja, basketboli ya Marekani ya 1891. Australia na New Zealand waliita mchezo huu "basketboli ya wanawake" mpaka 1970. Lakini jaribu kufunga kwenye pete isiyo na ubao nyuma, mtu amekunyooshea mkono mbele ya uso, na una sekunde tatu tu za kushika mpira. Kaka za wasichana wangu, wale wa basketboli, walijaribu mwezi uliopita. Walifunga mawili katika robo nzima, nayo yameandikwa daftarini.