Rangi za Sirius hazitoki kwenye nyota yenyewe

Jijini Arusha wapo wengi wanaoamini kwamba nyota ang'avu inayochomoza upande wa Moshi jioni za Desemba, ikimeta nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, hubadilika rangi kwa sababu inaungua au iko karibu kulipuka. Nyota hiyo ni Sirius, na rangi yake ni nyeupe yenye ubuluu kidogo. Inapokuwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi inayotikisika, nayo hewa huipinda kila rangi kwa kiasi tofauti. Atakayeitazama katikati ya Februari, mnamo saa tatu na nusu usiku, ikiwa karibu na utosi, ataiona imetulia.

Ajabu halisi ya Sirius haionekani kwa macho. Usoni mwake kuna chuma takribani mara tatu ya kile cha Jua kwa uwiano, ingawa nyota nzima haikuumbwa kwa chuma: kwa kuwa inajizungusha polepole kuliko nyota nyingi za aina yake, gesi za tabaka la juu hazivurugwi, hivyo nuru kutoka ndani husukuma atomi za chuma juu huku kalsiamu ikizama. Tena Sirius ni nyota mbili. Mwenzake, aliyeonwa na mtengeneza darubini Mmarekani, Alvan Graham Clark, mwaka 1862, ana ukubwa wa Dunia lakini uzito unaokaribia wa Jua, nao huzungukana kwa miaka 50 hivi.