Maji ya mvua Lubumbashi: nani anapanga, nani analipa

Chukua parseli (kiwanja) ya mita 15 kwa 20 huko Katuba au Kenya, komine (wilaya za mji) za Lubumbashi. Ikinyesha mvua ya milimita 50, parseli hiyo peke yake inapokea lita 15,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Leo kuna mabati na ua uliopigwa simenti, kwa hiyo karibu yote yanatoka nje. Parseli 100 za namna hiyo ni lita milioni moja na nusu. Mvua hiyo ikimalizika ndani ya saa moja, kanivo (mfereji wa kando ya barabara) ya mtaa inatakiwa kupitisha zaidi ya lita 400 kila sekunde.

Ndiyo maana mpango mzuri huanza kwa kupima mwinuko, simenti inafuata baadaye. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ila ni tambarare, na maji hayaondoki haraka. Yanatafuta mto Lubumbashi, unaoingia Kafubu, na Kafubu unaelekea Luapula. Kanivo isiyofuata mteremko huo inabaki dimbwi refu la kufugia mbu.

Baada ya vipimo, mji unachagua ujikinge na mvua ya ukubwa gani. Wahandisi wakisema "mvua ya miaka 10", hawana maana kwamba itatulia miaka tisa. Kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 10 ya kuipata, na ndani ya miaka 10 nafasi ya kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Ukitaka kinga ya mvua ya miaka 50, kolekta (mfereji mkubwa unaokusanya maji ya kanivo) inapanuka, nyumba za kando zinaguswa, na bei inapanda. Uamuzi huo unahusu pesa na siasa kuliko uhandisi, kwa hiyo ufanywe mbele ya wakaaji.

Kinga ya bei ndogo kuliko zote tulikuwa nayo bure: dembo. Ardhi hiyo ya majimaji inashika maji ya msimu na kuyaachia polepole, na kiangazi kikifika watu wanalima mboga humo. Tumeigawa viwanja. Kuirudisha sasa ni ghali, maana wengi wanaoishi pale wana hati zilizotolewa na Leta (serikali) yenyewe, na Katiba ya Kongo, kifungu cha 34, inadai fidia ya haki kabla mtu hajanyang'anywa mali yake. Anayetangaza kubomoa bila kutaja fidia bado hajapanga chochote.

Na pesa? Zipo, ila ziko katika mifuko mingi. Katiba, kifungu cha 175, inaacha asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, ingawa sharti hilo halijawahi kufuatwa kikamilifu. Kodi ya nyumba na ardhi, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha, ni za jimbo. Barabara za mji na mifereji yake ni kazi ya OVD, ofisi ya serikali ya barabara na mifereji. Halafu kuna redevansi ya madini, yaani malipo ya makampuni ya migodi kwa madini wanayochimba: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta au shefferi (maeneo ya utawala ya vijijini) yenye machimbo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo.

Hapo ndipo penye ugumu. Fungu la asilimia 15 linafuata mpaka wa machimbo, maji yanafuata mteremko. Komine isiyo na mgodi inaweza kupokea maji ya majirani zake wote bila kuonja redevansi yao. Kwa maoni yangu, komine zinazochangia mto mmoja zinapaswa kuchangia pia bajeti moja ya mto huo, kila moja kulingana na maji inayoteremsha.

Jambo jingine, dogo kwa macho ya wakubwa: kuzibua. Kolekta mpya inazinduliwa kwa utepe na kamera. Koleo la mchanga na chupa za plastiki halina mfadhili. Bajeti ya komine ikijadiliwa, tafuta mstari wa matengenezo, kisha uliza pesa zake zinatoka mwezi gani. Zikitoka Desemba, mvua imeshaanza, na mfereji uliojaa maji hauzibuliki vizuri. Kazi hiyo ni ya Juni hadi Septemba.