Je, wajua kwa nini anayeuguza mtu nyumbani hasemi kazini?

Saa nne asubuhi simu inatetemeka mfukoni. Mfanyakazi anachungulia, anaona ni nyumbani, anajifanya kwenda msalani. Huko anaambiwa mama amekataa dawa tena. Anambembeleza dakika tatu, ananawa uso, anarudi kazini. Akiulizwa, tumbo linamsumbua.

Kwa nini adanganye? Kwa sababu kuuguza hakuna tarehe. Mimba ni miezi tisa, na wenzako huihesabu pamoja nawe. Kiharusi hakipigi hodi, na hakuna ajuaye mgonjwa atahitaji kushikwa mkono hadi lini. Anayesema anaogopa kuonekana si wa kutegemewa, cheo kikimpita asiambiwe sababu. Basi likizo yake ya mwaka inaishia kwenye foleni za kliniki. Ikimalizika anaanza "kuumwa" yeye, na siku moja analeta barua ya kuacha kazi. Bosi anashangaa, maana hakuwahi kusikia lolote.

Sheria zimeliona hili zamani. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba wiki moja kwa mwaka ya kumhudumia mtu wake, hata kama ameajiriwa jana. Lakini wiki hiyo haina malipo, kwa hiyo inamfaa zaidi mwenye akiba.

Mimi navutiwa zaidi na Japani. Huko kuna likizo ya siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji uangalizi, na unaweza kuzigawa mara tatu. Lengo lake si ukae kando ya kitanda siku zote hizo. Ni upate nafasi ya kupanga nani atabaki na mgonjwa ukirudi kazini. Mbali na hizo zipo siku 5 kwa mwaka, ambazo tangu 2021 zinaweza kuchukuliwa kwa saa. Daktari anakuona kwa nusu saa. Ya nini kupoteza siku nzima?

Hilo la saa mwajiri yeyote anaweza kuliiga bila kusubiri bunge. Vilevile kutoa ratiba ya zamu wiki kadhaa mapema, ili mtu atafute wa kumshikia nyumbani, na kuruhusu simu moja ipokelewe bila kujificha. Ila utaratibu mzuri kwenye karatasi hufa ukikutana na msimamizi anayeguna kila akiombwa ruhusa. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza: aulize "unahitaji nini wiki hii?" kabla ya "utarudi lini?"

Na bosi mwenyewe, akiwa na mzazi mgonjwa, aseme mbele ya wote: "Jumanne asubuhi sipo, nampeleka baba kliniki." Wiki hiyohiyo atashangaa ni wangapi watakaobisha mlangoni kwake.