Je, wajua? Ardhi ya umma nayo ina gharama

Wengi huamini kwamba serikali ikitoa eneo lake kujengwa nyumba, lazima nyumba hizo ziwe nafuu, kwa kuwa ardhi haikununuliwa. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kama hilo peke yake lingeshusha bei, pale Gungu au Mwanga, Kigoma, hakuna ambaye angehangaika na kiwanja.

Kinacholipiwa ni haki ya anayeitumia ardhi hiyo. Halmashauri ikitaka mashamba ya pembezoni yawe viwanja, mthamini hufika na kuhesabu mchikichi mmoja mmoja: unaozaa una bei yake, ulio mchanga una yake. Hapo ongeza thamani ya ardhi yenyewe, nyumba iliyopo, posho ya usumbufu na ya usafiri. Fidia ikipita miezi 6 haijalipwa, inaanza kuzaa riba, na ni haki, maana mwenye shamba naye anaishi. Bado kupima, kusimika mawe ya mpaka, kuchonga barabara na kuvuta maji.

Unafuu hutokea serikali inapokubali kusubiri malipo ya kiwanja. Mjenzi binafsi hulipia kiwanja kwanza, mara nyingi kwa mkopo. Tuseme ni shilingi milioni 10, riba asilimia 15 kwa mwaka. Ujenzi ukichukua miaka 2, deni la kiwanja limepita milioni 13 kabla mtu hajahamia, na mnunuzi ndiye anayelibeba. Serikali inaweza kufanya kama mwenye mtumbwi wa dagaa: hadai kitu wavuvi wakiingia ziwani, huchukua fungu lake dagaa wakishauzwa. Mkopo unapungua, riba nayo inapungua.

Ila mnunuzi wa kwanza akiuza kesho yake kwa bei ya soko, unafuu wote umebaki mfukoni mwake. Singapore, ambako takriban wakazi 8 kati ya 10 huishi nyumba za bodi ya umma, nyumba hutolewa kwa miaka 99, na kwa kawaida haiuzwi kabla ya kukaliwa miaka 5. Baada ya hapo, hata huko, soko hupanga bei. Hati zetu pia ni za muda, miaka 33, 66 au 99, na hutolewa kwa masharti. Sharti la kuuza tena lingeweza kuwa mojawapo.