Kompyuta ya mwanafunzi: mtumba wa ofisini au mpya ya bei ya chini?

Mzazi ameuza viazi vya msimu mzima kule Uporoto, akamnunulia mwanawe kompyuta mpakato mpya, nailoni bado ipo juu ya kioo. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, kijana anatuletea mezani: imejaa, inakwama, na hakuna tunachoweza kuiongezea. Mimi ni fundi wa kompyuta chuoni hapa Mbeya, na mashine za namna hii huniuma kila ninapozipokea.

Nyingi ya hizo mpya za bei ya chini zina ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, vyote vimechomelewa kwenye ubao. Windows 11 yenyewe inataka hifadhi isiyopungua GB 64. Sasa notisi na kazi za miaka mitatu zitakaa wapi?

Kwa fedha hiyo ningetafuta mtumba wa ofisini: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Zilitengenezwa kwa watu wa kazi, bawaba zake ni imara, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ukaongeza ramu au kubadili diski. Zile nyembamba sana baadhi zimechomelewa ramu, kwa hiyo uliza kwanza. Ramu iwe GB 8, hifadhi iwe SSD, yaani diski ya kisasa, ya GB 256. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Bodaboda ya barabara ya makorongo inaweza kuimaliza. SSD haina kinachozunguka.

Kisha prosesa, ubongo wa kompyuta. Muuzaji atakwambia, "Hii ni Core i5." Jibu hilo halitoshi hata kidogo. Soma namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U cha 8, i5-10310U cha 10. Usishuke chini ya cha 8. Hapo ndipo Windows 11 inapoanza kuzikubali rasmi prosesa za Intel, isipokuwa chache sana za nyuma yake, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiwa dukani, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, usione haya kukaa nusu saa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotoka. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 20,000, umebakiwa na asilimia 40. Punguziwa bei au tafuta nyingine. Kisha zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, ili ufungue mipangilio yake ya ndani (BIOS). Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache hapohapo. Ukinunua, dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya kompyuta yenyewe (serial number).

Chaja ikiwa na pini bapa za Marekani, soma maandishi yake: ikisema 100–240V, badilisha waya tu. Adapta za kugeuza pini zinazolegea kwenye soketi hutoa cheche.

Na kwa wa Makete na Njombe: Juni na Julai, kompyuta iliyosafiri kwenye baridi ikiingizwa chumba chenye jiko la mkaa hutoa jasho ndani. Iache kwenye begi saa nzima kabla ya kuiwasha.