Haki ya kupita: mtembezi wa mashambani yuko kwenye ardhi ya nani?

Haki ya kupita ni ruhusa ya mtu kukatiza ardhi isiyo yake, bila kuimiliki, bila kuilima na bila kuondoka na kitu kilichomo. Kwa anayetembea mashambani kwa ajili ya afya na burudani, si kwa kwenda gulioni wala kuchota maji, ruhusa hiyo ndiyo inayoamua kama safari itafika mwisho. Ukitoka Lushoto mjini, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa miguu kuelekea Irente, ndani ya kilomita chache unaweza kukanyaga barabara ya magari, ujia wa kijiji na ukingo wa shamba la mahindi. Mguu hauoni tofauti, lakini kila kipande kina mwenye kauli juu yake.

Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wapo wanaoichukua kauli hii wakadhani kila mtu anaweza kupita popote. Sivyo. Mwenye hati, au mwenye haki miliki ya kimila, ana haki ya kulitumia eneo lake na kumzuia anayelivamia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Jambo la kwanza kwa mtembezi ni kujua yuko kwenye fungu lipi.

Sehemu kubwa ya matembezi ya Usambara hupita ardhi ya vijiji. Huko msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na watu wa kuwaona ni mwenyekiti na mtendaji. Njia zinazokwenda kisimani, shuleni, msikitini au gulioni hutumiwa na kila mtu, na ni nadra mgeni kuulizwa kitu akizifuata. Tatizo huanza zinapokwisha. Kijia kinachoingia katikati ya migomba mara nyingi ni cha nyumba moja tu, na mwisho wake ni ua wa mtu. Ukifika hapo simama mbali, piga hodi, mwamkie mkubwa kwa shikamoo, kisha sema, “Samahani mzee, naomba njia.” Mara nyingi utaonyeshwa pa kupita, na pengine mtoto atatumwa akusindikize. Ruhusa hiyo ni ya siku hiyo na ni yako wewe. Haimfungulii mlango atakayekuja kesho na kundi la watu ishirini. Kundi kama hilo lipite kwanza ofisi ya kijiji.

Kwenye miteremko, kosa kubwa ni kukata njia ya mkato juu ya matuta. Mkulima amechimba makingamaji ili mvua isiondoke na udongo. Nyayo za watu kadhaa zikilibomoa tuta mahali pamoja, maji ya masika hupata mlango hapo na kuanza kuchimba korongo. Zunguka, hata kama njia itaongezeka nusu kilomita. Ni heshima ndogo inayookoa chakula cha watu.

Ardhi ya hifadhi ina utaratibu wake. Hifadhi za mazingira asilia za Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na Magamba, karibu na Lushoto, ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Humo huingii kwa mazoea. Unapita ofisini au getini, unalipa kiingilio, unachukua risiti na kukaa nayo, kisha unafuata njia zilizotengwa. Usichume wala kung'oa kitu: ule mmea mdogo wa maua ya zambarau uitwao kwa Kiingereza African violet, unaopandwa kwenye vyungu duniani kote, asili yake ni miamba yenye kivuli ya misitu hii na mingine ya karibu. Mashamba makubwa, ya chai milimani na ya mkonge kule tambarare za Muheza na Korogwe, yana barabara nzuri za ndani, lakini ni za shamba. Uliza kwa mlinzi kabla ya kuingia.

Sheria ya Ardhi inatambua haki za kupita za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza hufungamanisha mashamba mawili: shamba lako limezungukwa, kwa hiyo unapewa njia ya kudumu kupitia kwa jirani. Mtembezi asiye na shamba hapo haimhusu. Ya pili ni njia ya umma, ambayo huanzishwa kwa utaratibu rasmi, na anayepata hasara kwenye ardhi yake anastahili fidia. Uingereza walichukua mkondo mwingine. Katika England na Wales, njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo bila kificho wala kizuizi inaweza kuhesabiwa kuwa njia ya umma, na halmashauri huzichora kwenye ramani rasmi. Uskoti, sheria ya mwaka 2003 iliruhusu kutembea sehemu nyingi za mashambani, ili mradi mtu asilete uharibifu. Sheria hizo hazivuki bahari. Usizitegemee ukiwa Bumbuli, huku Usambara.

Pwani nako kuna dhana inayokosewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Katazo hilo linaulinda ufukwe. Halimpi mtu kibali cha kukatiza kiwanja cha mwingine ili aufikie.

Faida kwa mwili inatokana na mwendo na muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kipimo chepesi ni sauti yako: uweze kuongea, ushindwe kuimba. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana kutembea humfaa mwenye kisukari cha aina ya pili; anayetumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni. Shinikizo la damu nalo hushuka kwa wanaodumu na mazoezi. Kushuka mlima ndiko kunakoumiza, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hufunga breki huku ikivutwa. Maumivu yake hukolea siku moja hadi tatu baadaye. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, shika fimbo.

Kupanga muda, tumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye kupanda mita 600 ni kama saa 3 na dakika 24 bila mapumziko. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza. Ongeza angalau nusu ya muda huo. Maji yawe nusu lita kwa kila saa, na zaidi ukiteremkia joto la Mazinde. Anza saa 1 asubuhi, na ikifika nusu ya muda uliojipangia hujafika unakokwenda, geuka.

Ukikuta njia uliyoizoea imezibwa kwa miiba au mazao, usiifungue mwenyewe. Rudi, kisha umwulize mwenyekiti wa kitongoji kama imehamishwa. Ikiwa wanakijiji nao wanaihitaji, mahali pa kulipeleka suala hilo ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na wao ndio walisemee kwanza.