Rafiki Anapokuandikia Kwamba Alabama Kuna Shamba Linauzwa

Mimi ni mtu wa udongo kabla ya kuwa mtu wa historia. Barua za wakulima wa kusini mwa Marekani, zile za kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861, huanza kuzisoma pale ambapo wengi huruka: kwenye miti. Mkulima aliyekwisha kuhamia Alabama, akimwandikia rafiki aliyebaki Virginia au Carolina kwamba jirani anauza shamba, hakuwa na maabara. Alitaja kinachoota. Mialoni na mihikori (miti ya mbao ngumu) minene: nunua. Misonobari mitupu: mchanga huo, pita. Vichaka vya mianzi bondeni vilisifiwa kuliko vyote, maana mianzi ile hustawi kwenye udongo mzito ulioletwa na mafuriko.

Kipimo hicho kilifaa, ila kiliwapotosha mahali pamoja. Katikati ya Alabama umepita mkanda wa udongo mweusi, Black Belt, uliokalia mwamba wa chaki. Sehemu zake nyingi zilikuwa nyasi tu. Wahamiaji wa kwanza walizikwepa: pasipoota mti, pamba itaota vipi? Maji nayo yalikuwa ya shida, na udongo wenyewe ukinyeshewa hunata magurudumuni, ukikauka hupasuka nyufa. Aliyelima mbuga za Usukumani anaujua bila kuelezwa. Baadaye, walipothubutu kuulima na kutoboa visima virefu hadi chini ya chaki, ukawa kati ya ardhi za pamba zilizogombaniwa zaidi nchini humo.

Baada ya udongo barua ilikuja kwenye gati. Robota la pamba lilikuwa na ratili 400 au zaidi, na barabara za masika hazikupitika, kwa hiyo maili chache kutoka Mto Alabama au Tombigbee ziliweza kula faida yote. Kutoka gatini meli ya mvuke ilishusha mzigo hadi bandari ya Mobile, kisha ukaenda Liverpool, Uingereza, au viwanda vya kaskazini mwa Marekani. (Pamba ya kusini ndiyo iliyofumwa Massachusetts ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya hukohuko, ikavaliwa kwetu kwa jina la merikani.) Homa ilitajwa haraka haraka: lima bondeni, jenga mlimani.

Bei sasa. Kwa sheria ya mwaka 1820, ardhi ya serikali iliuzwa kwa mnada kuanzia dola 1.25 kwa ekari, taslimu, kipande kidogo kabisa kikiwa ekari 80. Kwa hiyo dola 100 zilitosha kumfanya mtu mwenye shamba. Ilikuwa imekwisha kupimwa kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba vipande 36 vya ekari 640, hivyo rafiki aliweza kuandika namba tu na ofisi ya ardhi ikakionyesha kipande chenyewe. Kwa watu waliozoea mipaka ya Virginia, inayoanzia kwenye mwaloni fulani na kuishia kwenye kijito fulani, hilo peke yake lilikuwa nafuu kubwa.

Lakini angalia swali ambalo karibu kila barua ya namna hii hulijibu: utakuja na mikono mingapi? Mikono ni watu waliomilikiwa. Katikati ya miaka ya 1830, kijana mmoja mwenye nguvu aliuzwa New Orleans kwa zaidi ya dola 1,000, yaani thamani ya ekari 800 kwa bei ya chini ya serikali. Ardhi ndiyo iliyokuwa rahisi. Rafiki aliposifu shamba, alikuwa akipiga hesabu ya jasho la watu wasioulizwa, watu waliotembezwa kwa miguu, mara nyingi kwa minyororo, wakaacha wake, waume na watoto Virginia. Kati ya 1790 na 1860 waliohamishwa hivyo walifika karibu milioni moja.

Jambo jingine barua hulinyamazia. Ardhi hiyo “mpya” ilikuwa ya wenyeji wa asili: sehemu kubwa ya Wacreek hadi mkataba wa Fort Jackson wa 1814, na sehemu nyingine ya Wachoctaw hadi ule wa Dancing Rabbit Creek wa 1830. Mwandishi husema tu kwamba nchi imefunguliwa.

Na pendekezo lenyewe lilikuwa na maslahi. Jirani mpya ni barabara, kinu, kanisa, na mtu wa zamu katika doria ya usiku ya kukamata watumwa. Tena mwandishi mwenye ekari zake pembeni alijua zitapanda bei. Waliobaki nyuma waliona kinachotendeka: mwaka 1817 James Graham wa North Carolina alimwandikia Thomas Ruffin kwamba “homa ya Alabama” inawachukua raia kwa wingi.

Nisingemwamini rafiki yeyote aliyeandika mwaka 1836. Wakati huo watu walinunua kwa mikopo ya benki na hati za ahadi, mara nyingi rafiki huyohuyo akiwa mdhamini. Julai mwaka huo serikali iliagiza ardhi yake ilipwe kwa sarafu za dhahabu au za madini ya fedha, si kwa noti za benki. Mwaka uliofuata benki zikaacha kubadilisha noti zao kwa sarafu hizo, na bei ya pamba ikaporomoka. Wadaiwa wengine wakakimbilia Texas, iliyokuwa nchi nyingine hadi 1845. Waliondoka usiku pamoja na watumwa wao, mali iliyoweza kutembea, na shamba lililosifiwa sana wakamwachia mdai.